Mashine ya Mkono Mrefu Kutoka Liuli

Ambaye hakupata gazeti wiki iliyopita asisumbuke. Habari yenyewe ni fupi, ingawa Ephrasia aliyeipitia anasema ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Songea kabla haijawekwa lami.

Mumewe, Othmar, alipigwa na kiharusi akiwa shambani kwenye kahawa. Upande wa kulia wote ukalala. Ephrasia, mshonaji wa Mbinga mjini, akafunga kibanda chake cha sokoni na kuhamishia cherehani nyumbani ili amuuguze. Huko nyumbani akaanza kushona mifarishi, yale mablanketi mazito ya vitambaa viwili yenye pamba katikati, maana baridi ya Mbinga haihitaji kutangazwa. Mifarishi ikapata wateja. Bega lake likagoma.

Kusukuma mfarishi mzima ndani ya cherehani ya kawaida ni kama kumwogesha ng'ombe kwenye beseni. Daktari alimwambia aache, la sivyo bega litamwacha yeye.

Ndipo aliposikia habari za mashine ya mkono mrefu. Kitambaa kinatandikwa kwenye fremu na kutulia. Mashine yenyewe ndiyo inayotembea juu yake kwenye reli. Mshonaji anashika vishikio tu, anaiongoza. Hasukumi kitu. Dalali mmoja wa Dar es Salaam akamtumia picha nzuri, Ephrasia akalipa, na wiki iliyopita mzigo ukafika: mashine ya kushonea midomo ya magunia. Dalali akazima simu.

Mashine ya magunia akaiuza kwa mwenye ghala, kwa hasara. Akarudi nyumbani, akavua viatu, akaketi kitandani miguuni pa mumewe. Hapo ndipo tulipoishia.

Asubuhi iliyofuata simu ya Recho ilimkuta akimlisha Othmar uji.

Recho walijuana naye kwenye semina ya washonaji, zamani kidogo. Anaishi Liuli, kando ya ziwa.

"Dada, hiyo mashine unayoitafuta, ina fremu ndefu kama kitanda cha watu wanne?"

"Ndiyo."

"Ipo hapa kwetu. Ni ya kikundi chetu cha akina mama, msaada kutoka Marekani. Imelala tu. Mwenyekiti anataka kuiuza."

Ephrasia hakufurahi. Furaha ya mambo ya mashine ilikuwa imemwishia.

"Nikutumie picha?" Recho akauliza.

"Picha nimeshaona za kutosha. Nakuja mwenyewe."

Ida, mdogo wake, akaja kukaa na mgonjwa.

"Kuna ile mashine inayouzwa Songea," Ida alisema. "Ni karibu, halafu ni mpya."

"Ile unakaa, kitambaa unakisukuma mwenyewe. Imeongezewa shingo tu, kazi ni ileile. Bega litakufa."

"Na hiyo ya Liuli utaiweka wapi?"

"Sebuleni. Makochi yatatoka."

"Wageni watakaa wapi?"

"Ida, mara ya mwisho nyumba hii ilipata mgeni lini?"

Ida akayatazama makochi.

Othmar alikuwa kitandani, macho yanawafuata. Tangu augue, maneno yake yalikuwa yanatoka yamekatwa vichwa. Unasikia mkia, kichwa unakibuni mwenyewe. Sasa alisema kitu. Ephrasia akadhani ni maji, akampa maji. Akayanywa.

Njiani kuelekea stendi alipita kwa Henry, fundi umeme.

"Mashine zile za misaada za Marekani zinakula umeme mdogo," Henry alimwambia. "Ukiichomeka kwenye soketi zetu utaona moshi tu. Chukua transfoma hii, ikusaidie kuushusha. Ikiungua utanirudishia nyingine."

Ikawa ameondoka Mbinga na mkoba kwenye bega lililo zima, na transfoma mapajani, nzito kama mtoto wa miaka miwili.

*

Mama Hilda, mwenyekiti, alikuwa mtu mzima, mrefu, na sauti ya kuongozea kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umechelewa."

"Nimechelewa?"

"Kuna mwenzio kafika tangu asubuhi."

Mwenzio alikuwa amekaa barazani na spana mkononi. Jina lake Cuthbert, mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Mama wa Mbinga, nisikufiche," Cuthbert akasema. "Mimi nataka zile reli na fremu. Kichwa cha mashine mnaweza kubaki nacho mkaweka hata maua."

"Ataikata?" Ephrasia akamuuliza mwenyekiti.

"Mwanangu, mimi nimechoka nayo. Wenzetu wa kanisa moja la Marekani walituletea kwa moyo mwema. Siku ya kuizindua fundi akaichomeka, ikalia 'pu', taa zikazimika nyumba nzima. Tangu hapo haijashona hata leso. Mimi kazi yangu kufukuza panya."

Pu. Ephrasia akaitazama transfoma ya Henry. Kama mota iliungua siku ile, basi amesafiri na transfoma ya watu kuja kuangalia maiti.

"Naomba niione."

Walikuwa wameifunika kwa vitenge vitatu na shuka. Recho alivuta upande mmoja. Mama mwingine mnene, Edina, mweka hazina wa kikundi, akavuta wa pili.

Ephrasia akasogea. Alishika vishikio akavivuta. Kichwa cha mashine kikaja kwake chote, kizito, kimya, magurudumu yakiteleza kwenye reli bila kukwaruza. Akakisukuma. Kikaenda. Bega halikusema neno.

"Fyuzi yake iko wapi?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Aliitafuta mwenyewe, akiwa amelala chali sakafuni kama fundi wa magari, Recho akimmulikia kwa simu. Fyuzi ilikuwa imekatika. Nyingine, mpya, ilikuwa imebandikwa kwa utepe wa gundi pembeni palepale, imeachwa na waliotengeneza.

"Yaani ndiyo hiyo tu?" Edina akauliza.

"Bado hatujui."

Akabadilisha fyuzi, akachomeka transfoma, kisha mashine. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Cuthbert akasimama.

Jaribio la kwanza uzi ulikatika. La pili ukakatika. Ephrasia akabadilisha sindano, akalegeza uzi, akatoa bobini na kupuliza vumbi lililokuwa limeganda kama ugali wa jana. Jasho lilikuwa linamtoka. Joto la ziwani yeye hajalizoea.

Jaribio la tatu mashine ikaguna, kisha ikaimba.

Ilishona. Ilipita juu ya kitenge cha Mama Hilda ikaacha mshono mdogo, sawasawa, kama umechorwa kwa rula. Ephrasia akakunja kona, akarudi, akachora jani, akachora lingine. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni mwa gauni. Aliisikia, akaona jina la Ida akilini bila hata kuitoa, akajiambia ni mambo ya uji. Hakuachia vishikio.

Alipozima mashine, akageuka.

Mama Hilda alikuwa analia. Hakuficha. Alipitisha kidole juu ya yale majani, huku na huku.

"Mwanangu," akasema, "Mungu akubariki. Sasa hatuuzi."

"Mama?"

"Tulikuwa tunauza chuma. Hii ni mashine."

"Mama, tulikubaliana bei kwa simu. Nimesafiri—"

"Nimekubaliana na wewe kuuza kitu kibovu. Kumbe ni kizima. Edina, si ndivyo?"

Edina akatazama sakafu. "Ndivyo, mwenyekiti."

Cuthbert akacheka, akaingiza spana yake mfukoni. "Mama wa Mbinga, umejinyonga na uzi wako mwenyewe." Akaaga na kuondoka.

Ephrasia akatafuta kiti, akaketi. Mwingine angepiga kelele. Mwingine angedai malipo ya ufundi, sindano yake, nauli yake. Yeye aliona tu kwamba amechoka, kuanzia kwenye nyayo, na kwamba amekaa mahali ambapo kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuna mtu anayehitaji kugeuzwa, kulishwa wala kufutwa mdomo. Akaona aibu kwa kupapenda.

"Sawa mama," akasema. "Ni yenu. Nani atashona?"

Wakatazamana.

"Recho," Mama Hilda akasema.

"Mimi nina dagaa wangu, mwenyekiti. Siwezi kuacha dagaa juani nikaja kuchora majani."

"Edina."

Edina alijaribu. Alishika vishikio kama anashika pikipiki, mashine ikamkimbia kwenye reli, ikachora kitu kama nyoka aliyekanyagwa. Wote wakacheka, Ephrasia naye, mpaka machozi yakamtoka na hakujua ni ya nini.

"Na wewe mwenyekiti?"

"Mimi macho yangu hayatungi sindano tangu juzi ya juzi." Mama Hilda akakaa naye. "Njoo ushone hapa, mwanangu. Tutakupa chumba."

"Nina mgonjwa. Mume wangu. Hageuki bila mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka juzi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Hana ndugu?"

"Anao. Wako kijijini Mbuji. Walikuja mwanzoni na kuku, wakaomba, wakaondoka. Sikuwaita tena. Niliona nikiwaita watasema nimeshindwa."

Mama Hilda akatikisa kichwa. Kisha akainuka, akachukua kile kitenge chenye majani, akakikunja.

"Hiki nabaki nacho. Mashine chukua, kwa bei ileile. Lakini utatushonea sisi watatu kila mmoja mfarishi wake. Wa kwangu uanze nao, maana sijui nina muda gani."

"Kwenye joto hili, mama?"

"Nitakapokuwa kaburini kutakuwa na baridi."

Alilala kwao usiku huo. Asubuhi alijaribu kumpigia Ida, mtandao ukagoma. Wakafungua fremu vipande vipande, wakapakia kwenye Kenta ya dereva mmoja aitwaye Rodrick, kichwa cha mashine kikafungwa ndani ya godoro la Edina.

*

Rodrick alikuwa mtu wa kulalamika. Alilalamikia mashimo ya barabara ya ziwani, akalalamikia polisi, na walipoanza kupandisha milima ya Tingi akalalamikia gia. Ephrasia hakumjibu. Alikuwa anapanga sebule kichwani. Fremu ikae ukutani, kioo cha dirisha kimulike kutoka kushoto, na mlango wa chumba cha Othmar uwe wazi ili amwone anaposhona. Alifikia kuwaza kwamba Othmar atapenda ule mlio.

Mtandao uliporudi, simu ilimwaga ujumbe mmoja juu ya mwingine. Wote wa Ida. Dada pokea. Dada pokea simu. Dada.

Akapiga. Ida hakupokea.

Walifika nyumbani mchana. Ida alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, kanga imefunika kichwa.

Ephrasia akateremka kabla gari halijasimama vizuri. "Amekufa?"

"Hajafa."

"Yuko wapi?"

"Dada, walikuja na Noah ya kukodi. Shemeji Bartholomayo na wifi yako Ottilia. Walikuja kusalimia, wakakuta hupo. Nikawaambia umefuata mashine ziwani. Wifi yako akasema, mke gani anaacha mgonjwa akafuata chuma?"

"Ukanyamaza?"

"Nilikupigia! Nilikupigia jana mpaka chaji ikaisha!"

"Na Othmar? Alisema nini?"

Ida akafuta uso kwa kanga. "Hakukataa, dada. Walipomwinua hakukataa."

Ephrasia aliingia ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Hakuingia zaidi ya mlangoni. Sebuleni makochi yalikuwa bado yako mahali pake.

Nje, Rodrick alishaanza kufungua kamba. "Mama, tuweke wapi vyuma hivi? Tafuta vijana, mimi mgongo sina."

"Usishushe. Tunakwenda Mbuji."

"Mkataba wetu ni Mbinga."

"Nitakuongeza. Funga kamba."

"Na mashine iende Mbuji kufanya nini?"

"Rodrick, funga kamba."

*

Njia nzima alikuwa anaandaa maneno. Alikuwa na maneno ya Ottilia: kwamba kuku mmoja hauguzi mtu, kwamba yeye ndiye aliyemsafisha Othmar kila asubuhi na kila jioni huku wao wanaanika kahawa. Alikuwa na maneno ya Bartholomayo pia, ya heshima kidogo, maana ni kaka mkubwa. Hayo yote yalikuwa yamepangika vizuri kifuani.

Kenta ikaingia uani, na maneno yote yakamtoka.

Othmar alikuwa amesimama.

Alikuwa kwenye meza ya kuanikia kahawa, kiuno kimeegemea ukingo, amenyolewa ndevu, amevaa shati ambalo si lake. Mkono wa kushoto ulikuwa unachambua kahawa. Alichukua punje mbovu akaitupa. Akasogea. Mguu wa kulia uliburuta kidogo kama mtoto anayelazimishwa kwenda shule, lakini ulikwenda.

Ephrasia alikuwa hajamwona mumewe wima tangu siku aliyoanguka.

"Shikamoo shemeji," akasema, kwa sababu Bartholomayo alikuwa ameshamfikia na hapakuwa na neno lingine.

"Marahaba shemeji. Pole na safari."

"Amesimama."

"Amesimama jana ileile. Tulimshusha garini, tukamwambia shika meza. Akashika."

"Mimi nilijua hawezi."

"Mguu ulikuwa na nguvu, shemeji. Hakuna aliyeuuliza."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliuma.

Ottilia akatoka jikoni akifuta mikono. "Huku hatumlazi," akasema. "Mtu akilazwa sana anaoza. Wewe ulimtunza kama yai."

"Wifi, nilikuwa peke yangu."

"Ungetuita."

"Ningewaita mngesema nimeshindwa."

Ottilia akapangusa mikono tena kwenye kanga. Akatazama Kenta, ile milingoti ya fremu iliyochomoza nyuma, godoro lililofungwa kamba. "Ndiyo yenyewe hiyo?"

"Ndiyo yenyewe."

"Ni kubwa."

"Ni kubwa."

Kwa hiyo zile kelele hazikutokea. Ephrasia alipita katikati yao akamwendea mumewe. Kwa muda wote wa ugonjwa alikuwa akimtazama kutoka juu, yeye amelala. Sasa ilibidi ainue uso. Alikuwa amesahau kwamba Othmar ni mrefu.

"Baba," akasema. "Nimefika."

Othmar akamtazama. Upande mmoja wa uso ulitabasamu.

"Nimeipata mashine. Inashona vizuri. Sebuleni itaenea, nimeshapiga hesabu." Alijisikia akiongea haraka kama mtu wa mnadani. "Tutarudi wote, utakaa mlangoni, kuna meza ile ya jikoni, tutaiweka uwe unashika. Nitakuuliza mguu. Kila siku nitauuliza."

Othmar akatikisa kichwa polepole. Akameza mate. Akakusanya nguvu, mishipa ya shingo ikasimama, na neno likatoka.

"…baki."

Bartholomayo akasogea karibu.

"Umesikia," Ottilia akasema taratibu. "Amesema anabaki. 'Nabaki'. Mimi sijamfundisha."

Ephrasia hakugeuka. Yeye alikuwa amemlisha mtu huyu, amemsikiliza asubuhi na jioni, na alijua jinsi maneno yake yanavyopoteza vichwa. Nabaki ikikatwa kichwa inakuwa baki. Lakini baki pia ni neno zima, halijapoteza kitu. Ni neno la mtu anayemwambia mwenzake asiondoke.

"Othmar. Unabaki wewe? Au unaniambia mimi nibaki?"

Midomo ikajikusanya tena. Mkono wa kushoto ukaacha kahawa, ukakamata ukingo wa meza.

"…baki," akasema, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayeshangaa kwa nini haeleweki.

"Shemeji," Bartholomayo akasema nyuma yake, "usimchoshe. Keshasema mara mbili."

Amesema mara mbili kitu gani? Kama ni la kwanza, basi amemkataa, na kitanda kule Mbinga kitabaki kimetandikwa hivyohivyo. Kama ni la pili, anamwita kwenye uwanja huu wa watu, chini ya macho ya Ottilia, aache nyumba, wateja na kila kitu, aanze upya akiwa mgeni. Na katikati ya hofu zote mbili Ephrasia aliona kitu cha tatu, kidogo, ambacho hakutaka kukitazama: kwamba kama Othmar anabaki, yeye leo usiku atalala usingizi mzima bila kuamka kumgeuza. Bega lake lilikuwa limeshaanza kulegea kabla yeye hajaamua.

Othmar alikuwa bado anamtazama, anasubiri jibu.

Rodrick akapiga honi. "Mama, giza linaingia! Tunashusha au tunageuza?"

Wote uani wakamgeukia Ephrasia. Hata Ottilia.

"Rodrick," akasema, macho yake bado kwa mumewe, "zima gari kwanza."